Tairi la Kukimbia au Tairi la Kudumu?

Ukisimama Tegeta Kibaoni alfajiri, kabla magari hayajasongamana, utaona baiskeli za namna mbili zikipita katika Barabara ya Bagamoyo. Ya kwanza ni ile tuliyoizoea: Phoenix au Avon, nyeusi, ndefu, ina karia nyuma, na juu ya karia kuna tenga la samaki wa Kunduchi, au boksi la mikate, au gunia la mkaa. Ya pili ina usukani uliopinda chini kama pembe za kondoo dume, na matairi yake ni membamba kama kidole gumba. Hii imekuja kwa meli pamoja na mitumba mingine kutoka ng'ambo. Vijana wanaipenda kwa sababu inakimbia.

Mwenye Phoenix anaitamani hii ya pili kwa mwendo wake. Mwenye hii ya pili naye anaitamani Phoenix kila anapoinama kando ya barabara kuziba pancha. Ndiyo maana mafundi baiskeli huulizwa swali moja kila siku: ninunue tairi la kukimbia au tairi la kudumu?

Ndugu msomaji, swali hili si la mchezo. Mchuuzi aliyenunua samaki Kunduchi saa kumi na mbili asubuhi anashindana na jua. Akifika Wazo au Bunju saa mbili, samaki wana macho maangavu na mashavu mekundu, na bei anaitaja yeye. Akifika saa nne, mnunuzi ndiye anayeitaja bei. Tairi likimchelewesha njiani, hasara yake si ile pesa ya kiraka peke yake.

Uzito wa mwendo unatoka wapi?

Tairi la upepo ni la zamani. Robert William Thomson, mtu wa Skotlandi, aliliandikisha mwaka 1845, kisha likasahauliwa. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekaa mji wa Belfast, akaliandikisha upya baada ya kulifunga kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Kabla ya hapo watu walipanda magurudumu ya mpira mgumu, mwili ukitikisika kama mahindi kwenye ungo. Dunlop alimtafutia mtoto wake starehe, na kumbe akapata na mbio. Waliofunga tairi lake walianza kuwashinda wengine katika mashindano.

Sababu yake ndiyo hii. Tairi linapogusa barabara, uzito wako unalibonyeza kidogo pale chini. Gurudumu likizunguka, sehemu iliyobonyea inainuka na kurudi katika umbo lake, na sehemu nyingine inabonyea. Kubonyea huko na kurudi kunakula nguvu za miguu yako na kuzigeuza joto. Mpira mnene na mgumu unakula nguvu nyingi zaidi, kama vile kukanda unga mkavu kunavyochosha kuliko kukanda unga laini. Tairi la kukimbia lina mpira mwembamba na nyuzi nyembamba, kwa hiyo halikudai sana. Tairi la kudumu lina mpira mnene juu, na mengine yana mkanda wa kinga uliofichwa chini ya mpira. Unalindwa, lakini unalipa kwa miguu.

Basi hapo kuna biashara: ukiongeza kinga, unapunguza mwendo. Lakini kabla hujalaumu tairi, pima upepo. Tairi zuri lenye upepo nusu linakaba kuliko tairi baya lililojaa. Watu wengi wanaolalamika kwamba baiskeli yao ni nzito hawahitaji tairi jipya, wanahitaji pampu.

Tupige hesabu

Kutoka Tegeta hadi Mwenge ni kama kilometa 13. Tuseme tairi jepesi linakuwezesha kwenda kilometa 20 kwa saa, na tairi zito kilometa 18. Kwa lile jepesi utatumia dakika 39. Kwa lile zito utatumia dakika 43. Umeokoa dakika 4 kwenda, na 4 kurudi. Kwa juma la siku sita umeokoa dakika 48.

Sasa weka pancha. Kusimama, kushusha mzigo, kufungua gurudumu, kutafuta tundu, kusugua, kupaka solusheni, kungoja ikauke, kubandika, kujaza upepo, kupakia tena. Kama una vifaa na mkono mwepesi, ni nusu saa. Kama huna, ni kusukuma baiskeli mpaka kwa fundi, na fundi naye ana foleni yake. Pancha mbili katika juma zimemeza dakika zote ulizookoa na kukuachia deni.

Kwa hiyo usiulize tu tairi linakimbia kiasi gani. Uliza linakusimamisha mara ngapi.

Na bei hivyo hivyo. Tuchukue mfano tu: tairi la shilingi 15,000 linalokaa miezi 4 linakugharimu shilingi 3,750 kwa mwezi. Tairi la shilingi 24,000 linalokaa miezi 10 linakugharimu shilingi 2,400 kwa mwezi. Lile la bei kubwa ndilo rahisi. Andika tarehe uliyofunga tairi kwenye daftari lako. Baada ya mara mbili au tatu utakuwa na hesabu yako mwenyewe, ambayo ni bora kuliko maneno ya muuzaji.

Upana

Watu wengi wanaamini kwamba tairi jembamba ndilo lenye mbio. Hata wanamashindano wa Ulaya waliamini hivyo kwa muda mrefu. Miaka ya mwanzo ya 2000 wengi wao walitumia tairi la milimita 23. Vipimo vikafanywa, wakaona kwamba tairi pana kidogo, lenye ubora uleule na upepo wa kutosha, halipotezi mwendo, na kwenye barabara mbaya ndilo linaloshinda. Siku hizi milimita 28 ni kawaida kwao. Katika mbio za Paris–Roubaix za Ufaransa, zilizoanza mwaka 1896 na zinazopita kwenye barabara za mawe, wanafunga milimita 30 na zaidi. Hawa ni watu ambao kwao sekunde moja ni mali.

Kwa nini? Kwa sababu tairi jembamba lililokazwa upepo kama jiwe linaruka juu ya kila kokoto. Kila ruko ni nguvu iliyopotea katika kuutikisa mwili na mzigo badala ya kwenda mbele. Tairi pana linalimeza lile kokoto na kuendelea.

Kwetu jambo hili lina uzito zaidi, maana safari ya mtu wa Tegeta haiishii kwenye lami. Ukiacha barabara kuu kuingia mitaa ya ndani unakuta mchanga, kokoto, na mvua ikinyesha, makorongo. Hata kwenye barabara kuu kwenyewe, malori ya saruji yanayotoka kiwanda cha Wazo Hill, kiwanda kilichoanza kuzalisha mwaka 1966, yanahitaji nafasi yao. Lori likikupigia honi nyuma, huna muda wa kufikiri: unashuka kando. Tairi la milimita 23 likishuka kutoka ukingo wa lami na kuingia mchangani, linazama na kuteleza, nawe unaangukia upande wowote, hata upande wa lori. Hapo si suala la mbio tena.

Kwa maoni yangu, mwenye baiskeli ya mashindano anayeishi huku asifunge chini ya milimita 28, na kama fremu na breki zinaruhusu, afunge 32. Apime kwanza nafasi iliyopo kati ya tairi na fremu. Tairi likisugua fremu litakatika ubavuni baada ya siku chache. Mwenye Phoenix abaki na upana wake, ila atafute tairi lenye mpira laini katikati, si lile la meno makubwa.

Hayo meno makubwa yanawadanganya wengi. Mtu anaona kashata ndefu anasema, "Hili ndilo tairi la kazi." Kashata zile ni za matope na milima. Kwenye lami zinanguruma, zinapinda kila zinapokanyaga, zinakula nguvu na kuisha upesi. Kinga ya miba haitoki kwenye meno. Inatoka kwenye unene wa mpira na ule mkanda wa ndani. Mwiba unapita kati ya meno na meno bila hodi.

Ubavu wa tairi una maandishi

Hapa ndipo kujua kusoma kunapolipa. Tairi la Phoenix kwa kawaida limeandikwa 28 × 1½. Karibu na hapo, mara nyingi, utaona namba nyingine: 40-635. Namba ya kwanza, 40, ni upana wa tairi kwa milimita. Namba ya pili, 635, ni kipenyo cha ringi pale tairi linapokaa. Tairi la baiskeli ya mashindano limeandikwa 700 × 25C, au 700 × 28C, na karibu yake 25-622 au 28-622.

Angalia vizuri hizo 635 na 622. Tofauti ni milimita 13 tu, na kwa macho magurudumu haya yanafanana. Tena matairi mengine ya 622 nayo yameandikwa inchi 28! Mtu ananunua kwa kusoma "28" peke yake, anafika nyumbani tairi ama haliingii, ama linapwaya na kuchomoka. Soma namba ya ringi kwenye tairi kuukuu, iandike kwenye karatasi, nenda nayo dukani. Muuzaji akikuambia "yote sawa tu mzee", mwonyeshe karatasi.

Utaona pia kiasi cha upepo, kwa PSI au kwa bar. Bar moja ni karibu PSI 14 na nusu. Tairi pana la Phoenix linataka upepo mdogo kuliko tairi jembamba la mashindano, ambalo huweza kudai PSI 100. Usizidishe kiwango kilichoandikwa. Wala usijaze kwa mashine ya magari bila kipimo, kwa sababu tyubu ya baiskeli ni ndogo na inajaa kufumba na kufumbua. Tairi jembamba lijazwe kila baada ya siku chache hata kama halina tundu. Vali yake nayo ni nyembamba, ina kiskurubu kichwani cha kulegeza kwanza, na si kila pampu ya mtaani inaiingia. Nunua kile kidude cha kuunganishia, ni kidogo, kiweke mfukoni.

Ukipata pancha, usizibe tu. Uliza tundu. Matundu mawili yaliyokaa ubavu kwa ubavu kama alama ya meno ya nyoka maana yake upepo ulikuwa mdogo: ulipita kwenye jiwe, tyubu ikabanwa na ringi. Tairi jipya halitaponya hilo. Tundu moja dogo ni mwiba, mara nyingi mbigili, au ule waya mwembamba unaotapakaa kando ya barabara kuu kutoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka. Pitisha kitambaa ndani ya tairi pole pole. Kikinasa, umempata adui. Usipomtoa, kiraka hakitafika jioni.

Wabeba mizigo wengi hukata waya za tairi kuukuu na kulilaza ndani ya tairi jipya ili kuzuia miba. Inafaa kwa mkaa na magunia. Kwa mtu wa samaki naona ni mzigo mkubwa mno: umeongeza mpira mzima wa kubonyea na kurudi, na ule mwendo wa asubuhi umeupoteza. Kama ni lazima, weka nyuma tu. Gurudumu la nyuma ndilo linalobeba sehemu kubwa ya uzito, linasukumwa na cheni, na linaisha mapema kuliko la mbele. Kwa hiyo mtu anaweza kuchanganya: nyuma tairi nene lenye kinga, mbele jepesi kidogo. Lakini la mbele lisiwe bovu kamwe. La nyuma likipasuka utayumba. La mbele likipasuka utaanguka.

Ukinunua tairi la mtumba, likunje kwa mikono kama unayekunja mkeka, utazame ubavu. Mpira huzeeka kwa jua na hewa hata usipotembea. Ukiona nyufa nyingi kama za tope kavu, rudisha, hata kama kashata ni mpya kabisa. Chungulia na ndani: nyuzi zilizokatika au kuchomoza zitasugua tyubu mpaka itoboke. Hata tairi jipya liepushe na jua la mchana. Egesha baiskeli kivulini. Na fundi akishalifunga, usilipe kabla hujazungusha gurudumu. Tairi likipanda na kushuka, halijakaa sawa kwenye ringi. Atoe upepo, alifunge upya.