Rezo za nchi mbili, umeme wa kuvizia: teknolojia tunavyoitumia Uvira

Septemba 2024 Starlink, kampuni ya intaneti ya satelaiti, ilifungua huduma nchini Burundi. Mtu wa Bujumbura mwenye uwezo aliagiza dishi, akalipandisha juu ya bati, akaanza kutazama video bila kukwama. Sisi wa Uvira, kilomita kama 30 kwa barabara kutoka hapo, tulikuwa bado chini ya tangazo la Machi mwaka huohuo la ARPTC, mamlaka inayosimamia posta na simu nchini Kongo. Lilikataza huduma hiyo kwa kuwa haikuwa na kibali. Kibali kilitoka mwanzoni mwa Mei 2025. Kwa miezi ile yote satelaiti zilezile zilipita juu yetu sote, halali upande mmoja wa mto Ruzizi na haramu upande wa pili.

Mpenzi wa teknolojia anayeishi huku kaskazini mwa Tanganyika anaielewa habari hiyo bila kufafanuliwa. Bei ya mega, uimara wa rezo, hata gemu unayoweza kuicheza, huamuliwa na mpaka, mlima na mto kabla kiwanda hakijasema lolote. Wanaochambua simu kwenye YouTube hupima kamera, kioo na kasi ya prosesa. Hayo yana maana yake, nami huyafuatilia kwa hamu. Lakini kifaa kinachouzwa Uvira kipimwe Uvira, na vipimo vya hapa ni vingine.

Chukua rezo. Mji wetu umebanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa, ukanyooka kama utepe kandokando ya barabara ya taifa namba 5. Upande huu tuna Vodacom, Airtel na Orange. Upande wa pili wa mpaka kuna Lumitel na Econet Leo, na ukikaribia mpaka wa Kavimvira simu huanza kuvuta mawimbi ya Burundi bila kukuuliza. Ndiyo maana mama anayepeleka bidhaa Bujumbura hutembea na laini mbili au tatu, na ndiyo maana Tecno na Itel ziliteka soko letu. Kampuni yao, Transsion ya Shenzhen, iliwahi kutambua kwamba Mwafrika anataka laini mbili ndani ya simu moja wakati wakubwa wa Ulaya na Marekani walikuwa bado wanalipuuza jambo hilo. Wapo wanaozidharau simu hizo. Mimi naziheshimu, kwa kuwa mtu alikaa chini akaangalia tunavyoishi.

Kinachonikera ni forfe, yaani vifurushi vya mega. Mtu ananunua mega za siku kwenye kabini asubuhi, umeme unakatika saa nne, betri inaisha mchana, na usiku ukiingia mega zimekufa hata nusu hazijatumika. Tume ya Umoja wa Mataifa ya intaneti iliweka lengo kwamba kufikia 2025 bei ya intaneti ya msingi iwe chini ya asilimia 2 ya pato la mtu kwa mwezi. Kwa anayepata dola 100 kwa mwezi, hizo ni dola 2. Piga hesabu ya forfe zako za siku, za mwezi mzima, pamoja na zile zilizokufa mfukoni, uone umefika wapi. Anayenunua kidogo kidogo kwa kuwa hana pesa ya forfe kubwa ndiye anayelipa ghali zaidi kwa kila mega, naye ndiye wengi wetu.

Wala tusiambiwe kwamba bei hazibadiliki. Septemba 2020 serikali ilianzisha tozo ya RAM, daftari la kusajili simu. Mwenye simu ya 3G au 4G alikatwa unite kidogo kidogo hadi kufikia dola 7 kwa mwaka. Wananchi walipiga kelele, vijana wa vuguvugu la Lucha wakaingia barabarani, bungeni kukawaka moto, na mwanzoni mwa 2022 tozo ikaondolewa. Kelele za watumiaji zina nguvu zikielekezwa mahali pamoja.

Sasa gemu, ambako ndiko moyo wangu uliko.

Vibanda vya gemu vya mitaa ya Mulongwe na Kasenga bado vinaendeshwa na PlayStation 3, na kwingine PlayStation 2 ambayo Sony iliacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013. Vijana wanalipa kwa mechi. Anayefungwa anaachia maneti, anayeshinda anabaki na kumsubiri mwingine. Wachezaji na jezi kwenye gemu husasishwa kwa flashi inayopita kibanda hadi kibanda, kazi ya wapenzi wa soka walioko huko duniani ambao hawalipwi hata senti. Toleo la mwisho la PES, gemu ya soka ya Konami, kwa PlayStation 3 lilikuwa PES 2018. Kisha Konami ikaizika PES yenyewe na Septemba 2021 ikaleta eFootball, ya bure, lakini inayotaka intaneti ili ikupe utamu wake wote. Kwa mtoto wa Osaka hiyo ni zawadi. Mwenye kibanda wa hapa aliondolewa gemu aliyoinunua mara moja na kuicheza miaka, akapewa gemu inayoomba mega kila siku. Nasema waziwazi kwamba gemu inayokataa kufunguka bila intaneti ni gemu pungufu, hata ikiwa na picha nzuri kiasi gani.

Tazama maneti ya kibanda kwa karibu. Raba ya kijiti imelika hadi plastiki, na juu yake mwenye kibanda amezungusha kipande cha mpira wa baiskeli ili kidole kisiteleze. Siku mchezaji wa kwenye kioo anapoanza kukimbia mwenyewe upande wa kushoto bila kuguswa, maneti hupelekwa kwa fundi. Fundi huifungua kwa bisibisi ndogo, akapuliza vumbi, akapangusa ndani kwa pamba yenye spiriti. Pale ndani, chini ya kila kijiti, mna visehemu viwili vinavyopima mwendo, kimoja cha kulia na kushoto, kingine cha juu na chini. Kila kimoja kina ukanda mwembamba wa kaboni unaosuguliwa na kichuma kila unapopiga chenga. Ukanda ukilika, vipimo vinadanganya. Dawa ilijulikana zamani: Sega Dreamcast ya mwaka 1998 ilitumia kijiti kinachopima kwa sumaku, kisichosuguana na kitu. Robo karne baadaye Sony bado inauza maneti ya PlayStation 5 yenye ukanda uleule wa kulika. Kampuni kubwa kiasi hicho haina udhuru.

Anayecheza mtandaoni ana shida nyingine, nayo ni umbali. Seva nyingi za gemu ziko Ulaya, Mashariki ya Kati au Afrika Kusini. Mwanga ndani ya waya wa kioo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Data ya Uvira ikitoka kwa njia ya pwani ya Afrika Mashariki, ikazunguka chini ya bahari hadi Ulaya, njia yaweza kufika kilomita 10,000, na lazima irudi. Hapo umeshapoteza sehemu ya kumi ya sekunde kabla mnara wa jirani haujakuongezea ucheleweshaji wake. Gemu inayochora picha 60 kwa sekunde inakuwa imechora picha sita kabla risasi yako haijahesabiwa. Kijana anayecheza Free Fire hapa akiuawa na adui ambaye kwenye kioo chake alikuwa bado hajatokea, asijilaumu. Na njia hiyo yenyewe ni nyembamba. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, nchi nzima za Afrika Mashariki zikatambaa kwa siku kadhaa.

Ndiyo maana naipigia debe kazi isiyoonekana, ya vituo vya kubadilishana data. Kinshasa, Lubumbashi na Goma zina vituo vyao, mahali kampuni za intaneti zinapokutana ili data ya Mkongo kwenda kwa Mkongo isisafiri kwanza hadi Ulaya. Kivu Kusini inastahili chake.

Halafu kuna jambo linaloniuma kuliko yote. PlayStation 2 ilitoka Machi 2000. Mwishoni mwa mwaka ule bei ya tantalum, madini yanayosafishwa kutoka koltani, ilipaa duniani, na simu za mkononi pamoja na mashine za gemu zilitajwa miongoni mwa sababu. Huku Kivu watu waliacha mashamba wakaingia mashimoni, wengine hadi ndani ya hifadhi ya Kahuzi-Biega, na wenye bunduki wakajitajirisha. Tangu hapo madini hayo hayajaacha kutoka mashariki mwa Kongo. Lakini fungua PlayStation leo, ujaribu kujiandikisha kwenye mtandao wake wa PSN, utafute Kongo katika orodha ya nchi. Haimo. Mwenzetu analazimika kusema anaishi Afrika Kusini au Ufaransa. Mei 2024 wachezaji wa dunia nzima walilijua tatizo hili pale Sony ilipotaka kuwalazimisha wachezaji wa Helldivers 2 wa kompyuta wawe na akaunti ya PSN, na gemu ikaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170. Sony ilirudi nyuma kwa sababu wateja wake wakubwa walipiga kelele. Kongo ikabaki nje ya orodha. Nchi ambayo udongo wake umo ndani ya mashine isikose hata jina kwenye menyu ya mashine hiyo. Sony inaweza kulirekebisha hilo, na ifanye hivyo.

Kwa anayenunua simu, ushauri wangu ni mfupi. Betri isipungue mAh 5,000. Iwe na nafasi ya kadi ya kumbukumbu, kwa sababu filamu, masomo na nyimbo zetu huhamishwa simu kwa simu. Na iwe na tundu la spika za masikioni. Wengi hawajui kwamba waya wa spika hizo ndio antena ya redio ya FM. Tundu likiondolewa, kama Apple ilivyofanya kwenye iPhone 7 mwaka 2016 na wengine wakaiga, mara nyingi redio nayo huondoka. Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika usiku, ukabeba nyumba na makumi ya watu wakapoteza maisha, habari za wapi pa kukimbilia hazikusubiri mega. Kuanzia Desemba 31, 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kama 20, na redio ya Ufaransa, RFI, nayo ikakatwa matangazo yake ya FM mjini Kinshasa, lakini redio za mitaa ziliendelea kusema. Katika miezi ya vita, Bukavu ilipotekwa Februari 2025 na watu wakamiminika huku, simu yenye redio ilikuwa na thamani kuliko simu yenye kamera tatu.

Ulaya wameanza kuamka. Tangu Juni 2025 sheria yao inamtaka mtengenezaji wa simu ahakikishe vipuri vinapatikana miaka saba baada ya modeli kuacha kuuzwa, na betri ibaki na asilimia 80 ya nguvu zake baada ya kuchajiwa mara 800. Simu hizohizo zitafika hapa zikiwa za mkono wa pili, kwa hiyo sheria ya Brussels itamnufaisha fundi wa Mulongwe. Ningefurahi zaidi kama Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo iliingia mwaka 2022, ingetunga ya kwake.

Kuhusu dishi la Starlink, wengi hutazama bei yake na kusahau umeme. Dishi la kawaida hula wati 75 hadi 100 muda wote linapowaka. Lile dogo hula wati 25 hadi 40. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 hubeba takriban wati-saa 1,200, na si vizuri kuimaliza yote. Dishi kubwa litakuwa limekula zaidi ya nusu yake kabla ya alfajiri kama uliliwasha jioni. Dogo litakufikisha asubuhi na zaidi. Kwa mji ambao umeme wa SNEL huja na kuondoka, chukua dogo, mgawane gharama na majirani, na nunua paneli kabla ya dishi.

Na ukitaka kuona kifaa kilichobadilisha maisha ya watu wengi kwenye pwani hii, nenda Kalundu machweo uwatazame wavuvi wa ndagala wakipanga taa zao. Karabai ya mafuta imepisha taa za LED zinazochajiwa kwa jua. Mvuvi anaokoa pesa ya mafuta kila usiku, na taa hailipuki.

Kinachobaki kiko mikononi mwa wakubwa. Kenya, Uganda na Rwanda zilianza mwaka 2014 kufuta gharama kubwa za kupiga simu kuvuka mipaka yao. Uvira na Bujumbura zinalishana, zinaoana, zinauguziana wagonjwa, ilhali simu kati yao huhesabiwa ya kimataifa. Kinshasa na Bujumbura ziketi zimalize jambo hili, na ARPTC izitake kampuni zote ziuze mega zinazoisha pale tu mteja anapozimaliza. Msomaji wa Uvira, ukiulizwa na yeyote mwenye mamlaka shida yako ni ipi, mtajie hayo mawili.