Bei ya Kokoto na Gharama ya Shimo

Anayenunua lori la kokoto Mombasa au Dar es Salaam hulipia baruti, mashine ya kusaga mawe, dizeli na vibarua. Shimo halimo kwenye bei. Gharama yake humwangukia jirani: ukuta unaomong'onyoka kuelekea shamba lake, maji ya masika yanayotuama na kuzalisha mbu, mtoto anayekwenda kuogelea asirudi. Wakati huo mchimbaji keshahamia kilima kingine.

Wanaosema shimo halitengenezeki huonyeshwa Bamburi, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa. Kiwanda cha saruji kilianza kuzalisha hapo mwaka 1954, kikichimba mawe ya chokaa ya matumbawe ya kale. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 kilichobaki nyuma yake kilikuwa mwamba mtupu uliochomwa na jua, bila chembe ya udongo, na maji ya chini yake yana chumvi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi ambaye kampuni ilikuwa imemwajiri tangu 1959, akaanza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili ni tatu tu: mvinje, mnazi na damas, mti wa Usomali.

Mvinje ndio ulioibeba kazi. Huvumilia chumvi, na mizizi yake huishi na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, kwa hiyo hauhitaji udongo mnono. Tatizo likawa majani: yalianguka yakalundikana kama sindano kavu, hayaozi. Dawa haikutoka dukani. Jongoo wenye miguu myekundu walionekana wakiyala, wakakusanywa na kuletwa kwa mamia, na kinyesi chao kikawa udongo wa kwanza. Baadaye yakaja mabwawa ya samaki, mamba na wanyamapori. Mwaka 1984 wageni wakaanza kuingia kwa kulipa; leo ni Haller Park, ambayo wengi duniani waliisikia kwa sababu ya Owen, kiboko yatima aliyeokolewa Desemba 2004 akamganda kobe aitwaye Mzee.

Mhasibu atavutiwa zaidi na jambo jingine: ardhi iliyokwisha kuhesabiwa kuwa hasara ikageuka kuuza samaki, viingilio na nguzo za mvinje, ambazo mafundi wa pwani hawaachi kuzitafuta.

Hata hivyo, Bamburi si kielelezo cha kupanga. Ni ukarabati uliochelewa miaka 17, ukafanywa na kampuni yenye mfuko mnene na subira ya kipekee. Mvunja kokoto wa Kunduchi, Dar es Salaam, au wa Jaribuni, Kilifi, hana hata kimoja kati ya hivyo.

Kwake nafuu iko kwenye utaratibu wa kuchimba. Udongo wa juu huondolewa kwanza na kurundikwa kando usubiri kurudishwa. Wengi huharibu hapa, maana nao una wateja wa kifusi. Eneo huchimbwa kwa vipande, ili cha kwanza kifukiwe wakati cha tatu kinachimbwa, kwa tingatinga lile lile ambalo tayari liko kazini. Kuta hukatwa kwa ngazi, na sakafu husimama juu ya usawa wa maji ya ardhini, isipokuwa kama bwawa ndilo linalotakiwa. Anayengoja mpaka mawe yaishe hulazimika kukodi mitambo upya kwa ajili ya shimo lisiloingiza hata senti. Mara nyingi hakodi.

Sheria zipo. Sheria ya Madini ya Kenya ya 2016 inamtaka mwombaji wa leseni ya kuchimba aweke dhamana ya kurudisha ardhi, na nchini Tanzania Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari kwa miradi mikubwa. Kampuni kubwa hulimudu hilo. Kwa mchimbaji mdogo, dhamana ya mkupuo mmoja ni kama kumfungia mlango, naye huchimba bila karatasi.

Njia rahisi zaidi tayari inapita barabarani. Kaunti za Kenya hutoza ushuru kila lori la mchanga au kokoto linalotoka machimboni. Sehemu ya fedha hizo ingeweza kuwekwa kwenye akaunti ya shimo lenyewe, lori kwa lori, ikaguliwe na wanakijiji, na kutolewa kipande kimoja kinapofukiwa. Mnunuzi angeongezewa kiasi kidogo kwa kila lori, na mawe yatakapokwisha, fedha ya tingatinga la kufukia ingekuwa tayari benki.