Saa Iliyotupwa Kutoka Dirisha la Choo

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Casio huko Hamura, magharibi mwa Tokyo, mhandisi aitwaye Kikuo Ibe alikuwa na kazi ya ajabu. Alipanda hadi ghorofa ya tatu, akaingia chooni, akafungua dirisha na kuiachia saa ya mkononi ianguke chini, kimo cha kama mita 10. Kisha akashuka kuokota vipande. Inasemekana sampuli kama 200 ziliangamia hivyo kabla ya kupatikana moja iliyobaki nzima.

Kisa kilianza na saa aliyozawadiwa na baba yake. Siku moja alipigana kikumbo na mtu kazini, saa ikamchomoka mkononi, ikaanguka, ikasambaratika. Mwaka 1981 Ibe akawapelekea wakubwa wake pendekezo la sentensi moja tu: atengeneze saa imara ambayo haivunjiki ikianguka. Wakati huo watengenezaji wa Japani walikuwa wakishindana kutoa saa nyembamba, na saa nene ilionekana ushamba. Ibe aliwatazama wachimba barabara waliokuwa wakifanya kazi jirani, akaona hakuna hata mmoja aliyevaa saa. Hapo akajua atamtengenezea nani.

Yeye na wenzake wachache walijiwekea malengo matatu ya kumi: saa ivumilie kuanguka mita 10, istahimili msukumo wa maji wa bar 10, na betri yake idumu miaka 10. Jaribio la kwanza lilikuwa la kuizungushia mpira hadi isivunjike. Ilifaulu, ila ilikuwa imefikia ukubwa wa mpira wa softiboli, na nani ataufunga huo mkononi? Wakajaribu tabaka tano za kupunguza mshtuko, kutoka ganda la nje hadi ndani. Mwili ukapungua lakini tatizo jipya likazuka: kila mara kilivunjika kitu kimoja. Wakiimarisha kioo cha tarakimu, inakatika koili. Wakiimarisha koili, inapasuka fuwele inayopima muda. Nguvu ya pigo ilikuwa ikikitafuta kilicho dhaifu kuliko vyote.

Jibu lilimjia bustanini alipomwona mtoto wa kike akidundisha mpira. Akawaza: kama mtambo wa saa ungeelea katikati ya mpira ule, pigo lisingeufikia. Hivyo ndivyo alivyofanya. Mtambo ukaachwa ndani ya uwazi, umeshikwa na nukta chache tu za mguso badala ya kubanwa pande zote. Ganda la plastiki likainuliwa pembeni ili kioo kisiguse sakafu, vitufe vikazamishwa, na mkanda ukapindwa uupokee mgongo wa saa inapoangukia nyuma. Saa hiyo, DW-5000C, ya kwanza katika ukoo wa G-Shock, iliingia sokoni Aprili 1983. Nyumbani Japani haikupokewa kwa shangwe. Marekani ndiko ilikovuma, baada ya tangazo la televisheni lililomwonyesha mchezaji wa magongo ya barafuni akiichapa kana kwamba ni kisahani cha mchezo. Watu wakashuku ni uongo, televisheni ikaijaribu, saa ikapona. Kufikia 2017 zilikuwa zimesafirishwa zaidi ya milioni 100.

Nimeirefusha hadithi hii kwa sababu inapingana na tunavyonunua saa. Mtu akifika dukani, huipima kwa kiganja: ikiwa nzito, basi ni imara. Lakini uzito wenyewe ndio unaoipa saa pigo kubwa inapofika chini. Chuma cha pua kinazuia kutu, na kinapendeza kazini na kwenye harusi. Sina ugomvi nacho. Ila hakiulindi mtambo dhidi ya mshtuko. Kinaupokea na kuupitisha ndani.

Na mtambo gani? Saa ya kutia ufunguo ni sanaa tupu. Ndani yake gurudumu dogo linacheza huku na huku, mara nyingi mapigo 8 kwa sekunde, likizungukia ncha nyembamba kama unywele. Ncha hizo hukingwa kwa vijispringi, lakini bado ni ncha, na saa inahitaji kufunguliwa na kupakwa mafuta kila baada ya miaka kadhaa. Kwa mtu anayepanda daladala, anayefua na kubeba mtoto, napendekeza ya betri bila kusita. Ndani yake kuna kijifuwele cha kwatsi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Nambari hiyo ukiigawa kwa 2 mara 15 unabaki na 1, ndiyo sekunde yako. Saa ya kwanza ya mkononi ya aina hii kuuzwa, Seiko Astron, ilitolewa Tokyo tarehe 25 Desemba 1969 kwa yeni 450,000, bei ya gari dogo. Leo saa ya bei ndogo inatumia kanuni ileile, na kwa kawaida hukosea kwa sekunde zisizozidi 15 kwa mwezi.

Fuwele hiyo ina kituko chake: hupenda joto la nyuzi 25 hivi. Likizidi au likipungua, saa inachelewa. Ukiiacha juu ya dashibodi ya gari juani, ikafika nyuzi 60, inaweza kuchelewa zaidi ya sekunde 3 kwa siku. Ikiwa mkononi, mwili wako unaituliza.

Kwenye kioo usihangaike sana. Yakuti ya kutengenezwa kiwandani haikwaruzwi na mchanga, maana ni ngumu kuliko mchanga wenyewe, ila ikigongwa vibaya hupasuka. Kioo cha kawaida hukwaruzika. Plastiki hukwaruzika zaidi, lakini haivunjiki ovyo na fundi anaweza kuing'arisha.

Maji ndiyo yanayoua saa nyingi za Pwani. Maandishi ya «mita 30» hayana maana kwamba unaweza kuzama nayo mita 30. Yanaeleza msukumo wa maji yaliyotulia katika maabara, na maana yake halisi ni mvua na kunawa. Mwenye kutawadha mara 5 kwa siku na kuogelea Jumapili anahitaji mita 100, yaani bar 10 zilezile za Ibe. Na hata hizo zinategemea kipete cha mpira kilicholala chini ya kifuniko cha nyuma. Kinakauka, kinabonyea, chumvi ya jasho inakila. Mafundi wengi wa barabarani hubadilisha betri kwa dakika mbili na kukirudisha kilekile cha zamani, kimejikunja upande mmoja. Mwambie fundi wako akikague, akipake grisi ya silikoni, au akuwekee kipya. Gharama yake ni ndogo.

Hata G-Shock hufa, na huanza kufa kwa nje. Unyevu huivunjavunja taratibu plastiki ya ganda na mkanda. Za miaka ya 1980 zilizosahaulika kabatini zinamong'onyoka ukizishika, huku mtambo ndani bado ni mzima. Ndiyo maana mimi nikiwa dukani naulizia mkanda kabla ya kuulizia bei: je, unapatikana peke yake, na una upana wa kawaida wa milimita 18, 20 au 22, au umeundwa kwa saa hiyo moja tu? Kwa modeli za G-Shock kama DW-5600, ganda na mkanda huuzwa kila kimoja peke yake, na kuvibadilisha ni kazi ya bisibisi ndogo.