NANI HULIPA GHARAMA ZA MATIBABU?

Watu wengi husikia ya kuwa katika Uingereza matibabu ni ya bure, na ya kuwa katika Marekani kila mtu hujilipia mwenyewe. Maneno hayo yana ukweli, lakini hayakutimia. Popote duniani daktari hupewa mshahara na dawa hununuliwa. Tofauti ni nani alipaye, na hulipa wakati gani.

Katika Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1911, mfanyakazi wa mshahara mdogo alikatwa fedha kila juma, na alipougua alitibiwa. Lakini mkewe na watoto wake hawakuhesabiwa, na mama wengi walivumilia maradhi ili fedha za chakula zisipungue. Tarehe 5 Julai 1948, Waziri wa Afya, Bwana Aneurin Bevan, alianzisha Huduma ya Afya ya Taifa. Tangu siku hiyo gharama hutoka hasa katika kodi, na mgonjwa, tajiri au maskini, hadaiwi fedha mlangoni kwa daktari.

Watu walikuja kwa wingi kupita ilivyotazamiwa, hasa kutaka miwani na meno ya bandia. Mwaka 1951 Serikali iliamua kutoza ada kwa vitu hivyo, na Bwana Bevan akajiuzulu. Hata leo, mtu ambaye ugonjwa wake si wa haraka huweza kungoja miezi mingi kabla ya kupasuliwa.

Marekani ilifuata njia nyingine. Mwaka 1929 walimu wa mji wa Dallas walipatana na hospitali moja: kila mwalimu atoe senti 50 kwa mwezi, naye akiugua alazwe hata siku 21 bila kudaiwa zaidi. Mipango ya namna hiyo ikaenea. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Serikali ilipozuia mishahara isipande, waajiri waliwavuta wafanyakazi kwa kuwalipia bima. Hivyo bima ikafungamana na kazi, na apotezaye kazi huweza kuipoteza bima pia. Mwaka 1965 Serikali ilianzisha Medicare kwa wazee wa miaka 65 na zaidi, na Medicaid kwa maskini. Mwenye bima nzuri huweza kutibiwa upesi. Lakini mamilioni hawana bima, na ugonjwa mmoja huweza kuwatia katika deni la miaka.

Basi kila njia ina bei yake: huku mtu hulipa kwa kungoja, kule kwa fedha. Kenya nayo ilianzisha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Hospitali mwaka 1966, na mwaka 2024 mahali pake pakashikwa na Mfuko wa Bima ya Afya ya Jamii. Yafaa kila mwananchi aupimaye mpango wowote ajiulize hivi: ugonjwa ukibisha hodi usiku, na nyumbani hamna kitu, nani atakuwa amekwisha kulipa?