Kwa Baiskeli Hadi Vilima vya Pugu

Ndugu msomaji, baiskeli yako iko wapi wakati huu unaposoma ukurasa huu? Ikiwa wewe ni mfanyakazi wa Ilala, Temeke au Buguruni, huenda imeegemezwa ukutani uani, cheni imekauka, na tairi la nyuma limelala tangu ulipoanza kupanda basi kwenda kazini. Watoto huichezea kengele, basi. Ombi letu la Jumapili hii ni dogo: itoe nje, ifute vumbi, itie mafuta, ukaendeshe hadi Pugu na Kisarawe.

Huenda utacheka. Kwetu Pwani baiskeli ni chombo cha shughuli. Hubeba maji, mikate, samaki wa Feri, mgonjwa wa kupelekwa zahanati. Kwamba mtu mzima mwenye akili zake aondoke nyumbani alfajiri, apande mlima kwa miguu yake, kisha arudi bila kubeba hata muhogo mmoja, ni jambo litakalowashangaza majirani. Waache washangae. Wewe unayeshinda mbele ya mashine au nyuma ya meza siku sita, mwili wako unajua unachokidai.

Kutoka katikati ya Dar es Salaam hadi mji wa Kisarawe ni mwendo wa kilomita 30 hivi. Njia kuu ni Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado huiita Pugu Road, na hapo hapana budi tuseme kweli: barabara hiyo si ya mchezo. Malori, mabasi na pikipiki huipitia kana kwamba yamefukuzwa. Mtu mzima mzoefu akiondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri anaweza kuvuka uwanja wa ndege kabla ya msongamano. Lakini ikiwa umefuatana na mtoto, sikushauri hata kidogo kumpitisha huko. Changeni nauli familia mbili tatu, pakieni baiskeli kwenye kirikuu, mshuke Gongo la Mboto au Pugu Kajiungeni, safari ianzie hapo. Si aibu. Aibu ni kurudi nyumbani pungufu ya mlivyoondoka.

Pugu yenyewe ni kijiji kilichomezwa na jiji, ila hakijayeyuka. Pana stesheni ya Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914; na pana stesheni ya reli mpya ya umeme, ambayo treni zake zilianza kuchukua abiria hadi Morogoro mwaka 2024. Mtoto wa mjini akionyeshwa reli zote mbili katika asubuhi moja atauliza maswali mpaka mfike kileleni.

Mwambie pia kwamba katika vilima hivi wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani walijenga misheni yao mwaka 1888, na mwezi Januari 1889, wakati watu wa Pwani walipoinuka kupinga utawala wa Wajerumani, misheni hiyo ilishambuliwa na kuteketezwa. Kisha umwonyeshe Shule ya Sekondari Pugu. Hapo, ilipokuwa ikiitwa Shule ya Mtakatifu Fransisko, alifundisha kijana aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Edinburgh, Julius Nyerere. Alikuwa mwalimu hapo alipochaguliwa kuwa rais wa TAA mwaka 1953, na alikuwa bado mwalimu TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata aliacha ualimu, akashika siasa. Ukiwa juu ya baiskeli, umelowa jasho, umbali wa kutoka shuleni hapo hadi mikutano ya mjini, kwa barabara ya enzi zile, unakuwa kitu unachokielewa kwa magoti. Kitabuni huwa ni namba tu.

Kutoka Kajiungeni barabara ya lami inapanda kuelekea Kisarawe, na baada ya muda mfupi msitu unaanza. Hewa inabadilika ghafla, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba chenye ubaridi. Huu ni Msitu wa Pugu, ambao pamoja na mwenzake wa Kazimzumbwi una eneo la zaidi ya hekta 7,000. Ni mabaki ya misitu ya kale ya Pwani, na ndani yake mna mimea isiyoota mahali pengine popote duniani. Utasikia ndege kabla ya kuwaona. Tumbili utawaona kabla ya kuwasikia. Ndani kabisa mna machimbo ya udongo mweupe wa kaolini yaliyoachwa tangu zamani, na mapango yake sasa ni makao ya popo wasiohesabika. Usiingie kwa njia za panya. Lipa kiingilio kwa Wakala wa Huduma za Misitu, upewe mtu wa kukuongoza.

Hapa barabarani ndipo utakapokutana na mwendesha baiskeli wa kweli wa vilima hivi. Yeye hajatoka kutembea. Amefunga magunia ya mkaa kwenye keria, mawili, pengine matatu, yamepita kimo chake, na baiskeli ni ile ile Phoenix nyeusi kama yako, isipokuwa fremu yake imeongezewa vyuma na fundi wa kuchomelea. Kwenye mwinuko huisukuma kwa kifua. Kwenye mteremko haiendeshi. Huning'inia nayo, kwani breki hazikutengenezwa kwa uzito ule, na wengine husimamisha gurudumu kwa unyayo wa kandambili. Ukisikia kengele yake nyuma yako, mpishe haraka, na umfundishe mtoto wako ampishe. Hawezi kusimama.

Ni rahisi kumlaumu. Mkaa ule unatoka wapi, kama si katika miti hii au jirani zake? Na miti hii ina kazi. Mto Msimbazi chanzo chake ni katika vilima hivi. Ni mto ule ule unaopita Vingunguti na Jangwani kabla ya kumwaga maji baharini karibu na Daraja la Selander. Kilima chenye miti hunywa mvua na kuitoa polepole. Kilima kilichonyolewa huiachia yote mara moja, pamoja na udongo wake, na udongo huo hujaza kitako cha mto huko chini. Wanaokumbuka mafuriko ya Desemba 2011, watu walipokuwa juu ya mapaa ya nyumba zao Jangwani, hawahitaji kuelezwa zaidi. Lakini magunia yale hayaendi kwa mtu mwingine. Yanakuja kwako na kwangu, yapikie maharage ya leo mchana. Yule kijana anasukuma moto wa jiko letu, na analipwa sehemu ndogo sana ya bei tunayolipa sisi uani. Mimi binafsi, tangu nilipoisukuma baiskeli tupu katika mlima ule nikapitwa na mtu mwenye magunia mawili, nimeona ugumu kumwita mharibifu kwa sauti kubwa. Gesi imeingia katika nyumba nyingi za mjini, na hilo ni jema. Kwa wengine mtungi haujazwi mpaka mwisho wa mwezi, na katikati ya mwezi mkaa unarudi.

Kisarawe ni mji mdogo wenye ubaridi wake. Hapo pumzikeni. Chai ya tangawizi na chapati hupatikana karibu na kituo cha mabasi, na kina mama huuza mihogo ya kuchoma, korosho na, msimu ukifika, maembe. Waamkieni wazee kama inavyopasa; hapa ni Uzaramoni, na mtu apitaye bila salamu hukumbukwa kwa ubaya.

Wenye miguu mibichi warudi kutoka hapo. Wenye nguvu wana njia nyingine mbili. Ya kwanza inaelekea kusini-magharibi, kupita Masaki, kijiji kinachochangia jina na kitongoji chetu cha matajiri kule baharini, hadi Maneromango, ambako misheni ya Kilutheri ilianzishwa mwishoni mwa karne ya 19. Hiyo ni safari ya kulala, wala usidanganywe na mtu akuambiaye ni hapa tu. Ya pili ni kurudi Kajiungeni, kisha kukata kwenda Chanika, upande wa pili wa Msitu wa Kazimzumbwi, na kutoka hapo kupitia Msongola na Mbande hadi Mbagala. Njia hii inawafaa wakazi wa Temeke kwa kuwa hairudii ilikotoka. Jihadhari na mchanga wa kando ya barabara, unaokamata gurudumu la mbele kama mkono.

Na sasa neno kwa akina baba. Mara nyingi katika njia hii nimewaona wanaume na wavulana. Wasichana nimewaona mara chache mno. Tunampa mtoto wa kiume baiskeli akiwa na miaka minane, na dada yake tunampa ndoo. Tukiulizwa, tunasingizia vazi, au macho ya watu. Suruali chini ya gauni inatosha, na macho ya watu huchoka ifikapo Jumapili ya tatu. Binti mmoja wa jirani yangu alikuja nasi mwaka jana kwa sharti la mama yake kwamba asiachwe nyuma; ni yeye aliyetungoja sisi kileleni, ameketi juu ya jiwe, anakula korosho.

Kabla ya kuondoka kagueni breki, maana kupanda humchosha mtu lakini kushuka ndiko humvunja. Mipira ya breki iliyolika ibadilishwe jioni ya Jumamosi, isingoje Jumapili asubuhi fundi akiwa bado amelala. Chukueni pampu, viraka, gundi, spana moja, na maji ya kutosha. Mkishuka kutoka Kisarawe achaneni nafasi ya baiskeli kumi kati ya mmoja na mwingine, bana breki ya nyuma kwanza, na asiwepo wa kushindana.

Mkichelewa kidogo, jua likielekea kuzama, mtakutana tena na yule kijana wa mkaa karibu na Kajiungeni. Atakuwa anapanda kurudi kwao, baiskeli tupu, magunia yamekunjwa kwenye keria, na labda mkate mmoja umefungwa kwa mpira. Safari hii atakuwa ameikalia, anapiga pedeli, na atawahi kuwagongea kengele kabla ninyi hamjafikia ya kwenu.