Manowari ya Bomba Tatu: Wapi Mkazi wa Posta na Kariakoo Ataiona

Mwalimu wa shule moja ya msingi iliyo katikati ya jiji alifika ofisini kwetu akiwa na ombi lisilo la kawaida. Wanafunzi wake wa darasa la sita walikuwa wamesoma habari za Vita Kuu ya Kwanza, na walitaka kupelekwa kuipanda ile manowari ya Kijerumani iliyojificha Rufiji. Walikuwa wameona picha za meli za kivita za nchi nyingine zilizogeuzwa makumbusho, wakaamini kwamba jiji lenye bandari kama letu haliwezi kukosa ya kwake. Mwalimu alitaka kujua iko gati namba ngapi.

Jibu fupi ni kwamba haipo. Hata hivyo, jibu fupi halimtendei haki mwalimu wala watoto wake, kwa sababu sehemu kubwa ya habari ya meli hiyo ilitendeka hapa hapa, kati ya Kivukoni na Kariakoo, na mengi yake yanaweza kutazamwa kwa miguu katika asubuhi moja. Makala haya yanaeleza kilichotokea, kilichobaki, na namna mkazi wa kata zetu anavyoweza kukiona.

Kwanza, maana ya meli ya makumbusho. Ni meli iliyostaafu kazi, ikafungwa gatini au kujengewa msingi nchi kavu, ili watu walipe kiingilio, wapande sitahani, washuke hadi chumba cha injini na kuona mabaharia walilala wapi. Jijini London ipo HMS Belfast, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 1971 katika mto Thames. Japani ipo Mikasa, iliyozungushiwa zege huko Yokosuka, na Ugiriki ipo Averof, ambayo ni ya rika moja na manowari tunayoizungumzia. Kuzitunza si kazi rahisi. Chuma kikikaa majini huliwa na kutu mwaka hadi mwaka, na meli isiyopandishwa chelezoni kwa wakati huanza kuvuja na hatimaye kuzama pale pale ilipofungwa.

Manowari ambayo wanafunzi waliitaka iliitwa Königsberg. Ilikuwa na urefu wa mita 115 na mizinga kumi ya milimita 105, ikaingia bandari ya Dar es Salaam mwezi Juni 1914, chini ya nahodha Max Looff. Watu wa pwani hawakuhangaika na jina la Kijerumani. Walihesabu dohani zake wakaiita manowari ya bomba tatu, na jina hilo likashika.

Tarehe 31 Julai 1914, siku chache kabla Uingereza haijaingia vitani, Königsberg iliondoka bandarini isije ikafungiwa ndani. Haikurudi tena. Tarehe 8 Agosti meli ya Kiingereza HMS Astraea iliupiga mizinga mnara wa simu za upepo wa Dar es Salaam, na siku hizo hizo Wajerumani wakakizamisha chelezo chao cha kuelea kwenye mlango wa bandari ili adui asipate njia ya kuingia. Anayepanda kivuko cha Kigamboni hukiona kwa macho yake chanzo cha uamuzi huo: mlango wetu ni mwembamba mno, kiasi kwamba kizuizi kimoja chatosha kuufunga. Lakini uliofungwa kwa adui ulifungwa pia kwa mwenyewe, na Königsberg ikabaki baharini bila bandari ya nyumbani na bila makaa ya mawe ya uhakika.

Ikaingia katika delta ya Rufiji, kwenye mikono ya mto iliyofunikwa na mikoko, ambako ramani za Waingereza hazikuonesha kwamba meli kubwa yaweza kupita. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 ilichomoza hadi Unguja na kuizamisha HMS Pegasus, iliyokuwa imetia nanga kwa matengenezo. Baadhi ya mabaharia wa Pegasus walizikwa katika kisiwa cha Chapwani, mbele ya Mji Mkongwe. Baada ya shambulio hilo injini za Königsberg zikaharibika, na vipuri vyake vikabidi kuletwa Dar es Salaam kwa njia ya nchi kavu ili vitengenezwe, kisha virudishwe Rufiji kwa njia hiyo hiyo. Hapakuwa na barabara ya lami wala lori. Palikuwa na wapagazi, kamba na mabega.

Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba 1914, wakaizingira kwa miezi mingi. Walizamisha meli kuukuu mdomoni mwa mto, wakaleta ndege za kuitafuta juu ya mikoko, na mwishowe wakaleta kutoka Malta meli mbili zenye kina kifupi, Severn na Mersey, zilizoweza kupanda mtoni. Shambulio la tarehe 6 Julai 1915 halikufua dafu. La tarehe 11 Julai liliikamilisha kazi, na Looff akaamuru meli yake ilipuliwe.

Hapa ndipo kisa kinaporejea mjini kwetu. Wajerumani waliopoa mizinga yote kumi kutoka kwenye mabaki, ikaburutwa hadi Dar es Salaam, na karakana za hapa zikaiundia magurudumu. Tangu siku hiyo mizinga ya meli ikawa mizinga ya nchi kavu, ikatawanywa kote koloni lilikofika. Mwanafunzi anayetaka kugusa chuma cha Königsberg leo anaweza kufanya hivyo Ngome ya Yesu, Mombasa, ambako mzinga mmoja umewekwa jirani na mzinga wa Pegasus, meli ile ile ambayo Königsberg iliizamisha. Mwingine upo mbele ya Majengo ya Muungano huko Pretoria, Afrika Kusini. Mwili wa meli wenyewe ulilala kwenye tope la Rufiji kwa miongo kadhaa, ukikatwakatwa na wafanyabiashara wa vyuma chakavu, hadi miaka ya 1960 uliposhuka chini kabisa. Kwa hiyo tusimlaumu mtu wa leo kwamba hakuijengea makumbusho. Hapakubaki meli ya kujengea.

Ipo meli nyingine, nayo wengi wetu tumekuwa tukiisikia bila kujua kwamba ilikuwa manowari. MV Liemba ya Ziwa Tanganyika iliundwa mwaka 1913 Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Goetzen. Ilipokwisha kuundwa ilifunguliwa tena kipande kwa kipande, ikafungashwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi bandari ya Dar es Salaam, na kutoka hapa ikapakiwa kwenye reli ya kati kuelekea Kigoma. Ilishushwa ziwani Februari 1915 na kufungiwa mmoja wa mizinga ya Königsberg. Julai 1916, majeshi ya adui yalipokaribia, mafundi wake wenyewe waliizamisha, lakini kwanza wakazipaka injini grisi nzito kwa matumaini ya kuirudia. Walioirudia ni Waingereza, waliiopoa mwaka 1924 na kuirejesha kazini Mei 1927 kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa hilo. Imebeba abiria, dagaa na mahindi kwa vizazi vitatu, na mwaka 1997 ilibeba wakimbizi waliokuwa wakirejea kwao Kongo.

Umewahi kuwapo mjadala kama Liemba istaafu na kufanywa makumbusho. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba meli inayokarabatiwa ili iendelee kubeba watu wa vijiji visivyo na barabara inatunza historia kuliko iliyofungwa kwa mnyororo, ingawa anakiri kwamba watoto wa Dar es Salaam hawatafika Kigoma kwa nauli ya daladala.

Basi turudi mjini, kwa kuwa njia ya kutembelea ipo na haihitaji gari.

Anzeni Kivukoni asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kwa nauli ndogo ya kivuko mtavuka hadi Kigamboni na kurudi, na katika safari hiyo mwoneshe mtoto mlango wa bandari na umwambie habari ya chelezo kilichozamishwa. Mkirudi, pandeni hadi kwenye mzunguko wa Samora na Azikiwe. Pale inasimama Sanamu ya Askari, ambayo maelfu hupita kila siku wakiwahi mabasi ya Posta bila kuinua macho. Kabla ya sanamu hii ilikuwapo nyingine, ya gavana wa Kijerumani Hermann von Wissmann, iliyowekwa kabla ya vita na kuondolewa baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Ya askari ilizinduliwa mwaka 1927. Ni ya shaba, na singe ya bunduki yake inaelekea bandarini. Maandishi yaliyo chini yake yanawakumbuka askari Waafrika waliopigana katika vita vile, na yanawataja pia wapagazi. Hayataji jina la mtu hata mmoja.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni, Mtaa wa Shaaban Robert, iliyofunguliwa mwaka 1940. Humo zimo habari za enzi ya Wajerumani na Waingereza, pamoja na mengi mengine ambayo watoto hawatakubali kuyapita, likiwamo fuvu la Zinjanthropus kutoka Olduvai na magari yaliyotumiwa na Mwalimu Nyerere. Mtanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, hivyo beba kitambulisho. Shule inayoleta darasa zima iandike barua mapema, ikitaja idadi ya wanafunzi na somo wanalofuatilia, ili ipangiwe mwelezaji.

Kituo cha mwisho hakina kiingilio wala kibao. Vukeni Mnazi Mmoja muingie Kariakoo. Wajerumani walikuwa wamejenga jengo la soko eneo hili kabla ya vita, lakini Waingereza walipouchukua mji mwaka 1916 walilifanya kambi ya kikosi chao cha wapagazi, kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Midomo ya wenyeji ikalilainisha jina hilo likawa Kariakoo. Kikosi kilipovunjwa jina halikuondoka, soko likafunguliwa, mitaa ikajengwa, na hata jengo jipya lililozinduliwa mwaka 1975 likalirithi.

Hapa mwalimu wetu alinyamaza kidogo, na mimi pia. Wanaume waliokusanywa katika vikosi hivyo kote Afrika Mashariki, kwa hiari na kwa nguvu, walifikia mamia ya maelfu. Waliokufa upande wa Waingereza pekee wanakadiriwa kuwa karibu 95,000, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, malaria, njaa na uchovu. Walibeba risasi, unga na majeruhi, kama wenzao wa upande wa Wajerumani walivyoburuta mizinga ya Königsberg kutoka Rufiji. Manowari imeandikiwa vitabu, na nahodha wake anajulikana hata tarehe ya kuzaliwa. Mpagazi aliyelala chini ya paa la soko tunalonunulia nyanya ameachiwa jina la kikosi tu, tena lililopindishwa.

Zipo familia katika kata za Kariakoo, Gerezani, Mchafukoge na Jangwani ambazo babu au babu mzaa babu alipita kambini hapo. Aliye na picha ya zamani, cheti, nishani au hata simulizi iliyohifadhiwa na bibi, anashauriwa asiiache ipotee wakati wa kuhama nyumba au kubomoa kuta. Simulizi inaweza kurekodiwa kwa simu ya mkononi. Mwulize mzee jina kamili, kijiji alichotoka mhusika na mahali alipopelekwa. Picha ipigwe nakala, na ya asili ipelekwe Makumbusho ya Taifa kwa ushauri wa namna ya kuihifadhi. Asiyejua pa kuanzia afike ofisi ya mtendaji wa kata yake.

Mwalimu aliondoka na ratiba iliyoandikwa kwa mkono nyuma ya bahasha: kivuko saa moja na nusu, Askari saa tatu, makumbusho saa nne, Kariakoo saa saba, na chakula cha mchana huko huko. Aliongeza jambo moja ambalo sisi hatukulifikiria. Kila mwanafunzi atabeba mfuko wa kilo tano za unga kutoka Mnazi Mmoja hadi sokoni, kisha ataambiwa kwamba mpagazi alibeba zaidi ya mara nne ya huo, siku nzima, na kesho yake tena.