MASHINE KUUKUU INAYOVIRINGISHA MAJANI

Ndugu msomaji, kila mfugaji anajua shida ya kiangazi. Majani hukauka malishoni, ng'ombe hukonda na maziwa hupungua. Mfugaji aliyeweka akiba ya majani makavu hupata nafuu.

Huko kaskazini ya Marekani shida hiyo huja wakati wa baridi kali. Theluji hufunika malisho, na ng'ombe hula kile kilichowekwa akiba tu. Kwa hiyo wakulima wa huko hukata majani yakiwa bado mazuri, huyaanika juani, kisha huyafunga marobota.

Leo tutazungumza juu ya mashine moja ya zamani inayofunga marobota hayo. Kiwanda kiliacha kuitengeneza miaka mingi iliyopita. Lakini wako wakulima ambao bado wanaitunza na kuitumia. Kwa nini mashine hii haijafa? Jibu lake linaweza kutufaa na sisi.

ILIKOTOKA

Aliyebuni mashine hii aliitwa Ummo Luebben, wa jimbo la Nebraska. Mwaka 1910 alipata hataza, yaani hati ya serikali ya kulinda ubunifu wake. Wazo lake lilikuwa rahisi: majani yaviringishwe kama mtu anavyokunja mkeka.

Baadaye kampuni ya Allis-Chalmers ya jimbo la Wisconsin ilipata haki ya kutumia wazo hilo. Mwaka 1947 ilianza kuuza mashine iliyoitwa Roto-Baler. Mashine hiyo ilikokotwa na trekta, na rangi yake ilikuwa ya chungwa kama matrekta ya kampuni hiyo. Iliendelea kutengenezwa mpaka mwaka 1960. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilitengenezwa tena kwa muda mfupi. Mwaka 1985 kampuni iliuza biashara yake yote ya zana za kilimo.

INAVYOFANYA KAZI

Trekta hupita juu ya mstari wa majani yaliyokauka. Meno ya chuma huyaokota na kuyaingiza ndani. Humo ndani mna mikanda mipana inayozungushwa na rola. Mikanda hiyo huyakamata majani na kuyaviringisha, nayo huzidi kunenepa kama gogo.

Robota likishafikia unene unaotakiwa, dereva husimamisha trekta isiende mbele, lakini huacha mashine ikizunguka. Ndipo kamba inapoingia na kulizunguka robota mara nyingi. Kisu huikata kamba, na robota hutoka kwa nyuma. Halifungwi fundo hata moja. Kamba hujishika yenyewe kwa kuwa imezungushwa kwa kubana.

Robota hilo lina urefu upungukao kidogo mita moja. Uzito wake ni kati ya kilo 18 na 45. Mtu mmoja aweza kulibeba au kulisukuma.

FAIDA NA KASORO ZAKE

Robota la mviringo humwaga maji ya mvua kama paa la nyasi. Kwa hiyo wakulima wengine waliyaacha marobota shambani, na ng'ombe wakayala hapo hapo. Tena robota likifunguliwa hukunjuka kama mkeka, na mifugo mingi hula pamoja bila kusukumana.

Lakini kasoro nazo zilikuwepo. Dereva alilazimika kusimama kwa kila robota. Siku yenye marobota mia tatu, alisimama mara mia tatu. Kwenye mteremko robota liliweza kubingirika mpaka bondeni. Ghalani halikupangika vizuri kama robota la pembe nne. Kwa sababu hizo wakulima wengi walichagua mashine za marobota ya pembe nne. Kisha mwaka 1971 Gary Vermeer wa jimbo la Iowa alileta mashine ya marobota makubwa ya mviringo. Robota moja liliweza kufikia uzito wa karibu tani moja, na lilihitaji trekta kulibeba.

Hata hivyo, mwenye ng'ombe wachache au mbuzi hahitaji robota la tani moja. Ndiyo maana mashine ndogo za zamani bado zina wenyewe.

JINSI YA KUIFUFUA

Wanaozifufua mashine hizi wengi ni wazee waliozitumia ujanani, na vijana waliozirithi. Wakati wa kiangazi huzileta kwenye maonyesho ya zana za kale na kuziendesha mbele ya watu. Kazi ya kufufua huenda hivi:

1. Kwanza husafisha. Huondoa majani ya zamani, viota vya panya na nyuzi zilizojisokota kwenye rola. Uchafu huo hushika unyevu na kuleta kutu. Ukisuguana na beringi yenye joto, waweza kuwaka moto.

2. Hukagua rola moja moja kwa kuizungusha kwa mkono. Rola ikikwaruza au ikicheza, beringi yake imekwisha. Hubadilishwa kabla haijaharibu chuma chenyewe.

3. Hukagua mikanda. Mkanda uliopasuka hukatwa mahali pabovu na kuungwa kwa vifungo vya chuma. Mikanda iliyo pamoja lazima ilingane urefu. Mkanda ukikimbilia upande mmoja, hutazama kama rola imekaa kombo.

4. Hutia grisi na kupaka minyororo mafuta. Kisha hukaza bolti na nati zote.

5. Hunoa kisu cha kamba, na kuhakikisha njia ya kamba haina kutu ya kuikwamisha.

6. Mwisho huiendesha polepole bila majani na kusikiliza. Mlio mpya ni dalili ya ugonjwa.

Kama unavyoona, kazi nyingi hapo ni za macho, masikio na mikono. Mwenye mashine aweza kuielewa yote. Hii ndiyo sababu moja kubwa ya mashine hii kuishi kuliko biashara ya kampuni iliyoitengeneza.

MKONO WAKO HAUNA SPEA

Ndugu msomaji, jambo hili ni kubwa kuliko yote. Mashine za kufunga majani zimewakata watu vidole na mikono, na wengine zimewaua. Mara nyingi ajali huanza hivi: majani yamekwama, mtu ana haraka, mvua inakuja. Hashuki kuzima injini, bali huyavuta majani kwa mkono au kuyasukuma kwa mguu. Majani yakikwamuka humvuta pamoja nayo. Mashine ina kasi kuliko mkono, hawahi kuachia.

Mhimili unaopeleka nguvu kutoka kwenye trekta nao ni hatari. Katika matrekta mengi huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde moja. Ukikamata shuka, kanga au mkono wa koti, humvuta mtu kabla hajapiga kelele.

Kwa hiyo sheria ni moja kwa mashine yoyote ya shamba, mpya au kuukuu. Zima injini. Toa ufunguo. Ngoja kila kitu kisimame kabisa. Ndipo uguse.

MKONGE WETU NA MAROBOTA YAO

Kamba iliyotumika kwenye mashine hizi ilikuwa ya katani. Hapa ndipo habari hii inapotugusa. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf alileta miche ya mkonge katika nchi yetu. Ni miche 62 tu iliyopona safarini. Kutokana na hiyo yalitokea mashamba makubwa ya Tanga na Morogoro. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika iliongoza duniani kwa katani. Katani nyingi ilisokotwa ng'ambo kuwa kamba za kufungia mazao na majani. Baadaye kamba za plastiki zilichukua sehemu kubwa ya soko hilo.

NA WEWE UFANYEJE?

Huna mashine? Waweza kufunga majani kwa sanduku la mbao lisilo na kifuniko wala kitako. Vipimo vyake ni urefu sentimita 85, upana 55 na kina 45. Tandika kamba mbili ndani, jaza majani makavu, shindilia kwa miguu, kisha funga. Utapata robota la kilo 20 hivi.

Kata majani yanapoanza kutoa maua. Usifunge majani mabichi, kwani huota ukungu, hupata joto na yaweza kuwaka ghalani. Yaweke mahali pakavu, juu ya miti, yasiguse ardhi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Kwa nini mashine hii imedumu ingawa kiwanda kimeacha kuitengeneza?
2. Majani yakikwama ndani ya mashine, utafanya nini kwanza?
3. Ni zana gani kijijini kwenu imetupwa, nayo yaweza kutengenezeka?